Kompyuta niliyoiovakloki inagoma kuwaka asubuhi tu, mchana kutwa iko sawa. Tusaidiane wakuu

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada, wiki ya tatu hii kila asubuhi naanza siku kwa kupigana na mashine.

Ni kompyuta ya mezani, nimeiunga mwenyewe kifaa kwa kifaa. Prosesa ina core 8, kiwandani inatembea gigahezi 3.6, nimeifikisha 4.4 kwa core zote kwa volti 1.30, hiyo ndiyo ovakloki yenyewe. RAM ni DDR4, jumla GB 32. Ni vipande vinne vya GB 8: viwili nilianza navyo, viwili nimeongeza mwezi uliopita, vyote vimeandikwa kasi ya 3600. XMP (mpangilio unaoipa RAM kasi iliyoandikwa) nimeiwasha. Pawa saplai ni ya wati 650, ina miaka saba. Joto la prosesa halijawahi kupita digrii 78.

Tatizo liko hivi. Asubuhi nikibonyeza kitufe, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Baada ya sekunde kama ishirini inajizima, inatulia, inajiwasha tena. Inazima tena. Mara ya tatu au ya nne ndipo picha inakuja, na ujumbe kwamba ovakloki imeshindikana, bonyeza F1 uingie BIOS (programu ya bodi yenye mipangilio ya kuwaka). Naingia, nakuta kila kitu kimerudi cha kiwandani, RAM inasoma 2133. Naita profaili yangu niliyohifadhi, nasevu, natoka, inawaka bila shida. Kuanzia hapo mpaka usiku hainisumbui hata kidogo. Nimeibana na Prime95 (programu ya kuitesa prosesa kwa mahesabu) saa nne mfululizo, zile small FFT, haikutoa kosa hata moja.

Nikadhani prosesa ina njaa, nimeipandishia volti mpaka 1.36. Hakuna kilichobadilika ila joto. Sitaki kurudi kasi ya kiwandani kwa sababu kazi yangu ni kurenda video na tofauti naiona. Nianzie wapi?

#2 Mdau wa pili

Toa ovakloki yote mkuu, rudisha kiwandani. Ikiwaka asubuhi tatu bila kugoma, jibu unalo.

#3 Mdau wa tatu

Mkuu wa #2 hajakosea, ila njia hiyo itamwacha mwenzetu nusu gizani. Ana ovakloki mbili ndani ya mashine moja. Akizitoa zote kwa mpigo, kompyuta itawaka na bado hatajua ipi ilikuwa inamtesa.

Ya kwanza anaijua, ni prosesa. Ya pili ni XMP. Watu wengi wanaiwasha kama vile ni haki ya RAM kutembea kasi iliyoandikwa kwenye boksi. Kiwango rasmi cha DDR4 kinaishia 3200 kwa volti 1.2. Kilichozidi hapo, pamoja na hiyo 1.35 ambayo profaili nyingi za 3600 zinaitaka, ni ovakloki. Mtengenezaji wa RAM amevipima vipande vyake vinafika huko, lakini hakuvipima kwenye bodi yako wala kwa prosesa yako. Na hakuvipima vikiwa vinne kutoka pakiti mbili tofauti.

Halafu hiyo volti ya 1.36, naomba uirudishe 1.30 leo. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda kwa mraba wa volti. Kutoka 1.30 kwenda 1.36 ni karibu asilimia 9 zaidi ya umeme kwa kasi ileile, na wewe mwenyewe unasema hujapata kitu.

Sasa nijibu haya, usibadilishe kitu kingine kwanza:

Bodi nyingi za siku hizi zina taa nne ndogo, kawaida pembeni karibu na RAM, zimeandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT. Asubuhi ikigoma, ni ipi inabaki inawaka?

Mchana ukiristati kutoka ndani ya Windows, imewahi kugoma?

Usiku unazima kompyuta tu, au unazima na swichi ya ukutani?

#4 Mdau wa nne

Naweka kambi hapa, yangu ina dalili zinazofanana. Ila mimi naisema mapema: pawa saplai ya miaka saba. Nimeshapitia hilo. Yangu ilikuwa inagoma ikiwa ya baridi, ikishapata joto inafanya kazi siku nzima. Kapasita zikizeeka zinakuwa dhaifu zaidi zikiwa baridi, na muda ule wa kuwaka ndio umeme unavutwa ghafla. Nilihangaika na BIOS miezi miwili, kumbe kosa liko kwenye boksi la umeme.

#5 Mwanzisha uzi

Asanteni sana. Nimefungua mfuniko wa pembeni na leo asubuhi nimekaa chini kabisa na tochi ya simu.

Inayobaki ni DRAM, ya rangi ya chungwa. Ile ya CPU inawaka kama sekunde moja, inazima, inakuja DRAM na inaganda hapo mpaka mashine inajizima. Ikijiwasha upya ni hivyohivyo.

Kuristati nimejaribu mara kumi mfululizo mchana. Zote zimepita.

Swichi ya ukutani, ndiyo, nazima kila usiku, ni mazoea.

Volti nimerudisha 1.30.

#6 Mdau wa tatu

Umefanya kazi nzuri kukaa na kutazama. Taa hiyo imetupunguzia nusu ya safari.

Kila kompyuta ikiwashwa inapita hatua zake kwa mpangilio: prosesa inaamka, kisha RAM, kisha kadi ya picha, kisha diski yenye mfumo. Taa inapogandia ndipo palipokwama. Yako imeshavuka prosesa. Kwa hiyo ile 4.4 uliyokuwa unaishuku, kwa sasa tuiweke kando.

Kwenye hatua ya RAM kuna kitu kinaitwa mafunzo ya memori, na nakuomba ukielewe vizuri kwa sababu ndicho kinachokugomea. RAM ya 3600 ina maana kwenye kila waya zinapita biti bilioni 3.6 kwa sekunde. Gawanya uone: biti moja inakaa kwenye waya kwa pikosekunde 278 hivi. Ndani ya muda huo prosesa inatakiwa iisome katikati, isiwahi wala kuchelewa. Nyaya kwenye bodi hazilingani urefu na kila kipande kina tabia yake kidogo. Ndiyo maana BIOS kabla haijaleta picha inatuma data na kuisoma tena, inasogeza muda mbele na nyuma, inapima wapi inasomeka safi na wapi inaharibika, kisha inachagua katikati.

Kama nafasi ya kusomeka safi ni pana, mafunzo yanapita kila siku. Kama ni finyu, leo yanapita, kesho yanashindikana. Na baridi inaibadilisha hiyo nafasi, kwa sababu chipu iliyolala usiku kucha haina tabia ileile na iliyofanya kazi saa tatu. Ikishindikana mara kadhaa, bodi inakata tamaa, inarudi 2133 ambako kila biti ina muda mrefu zaidi, na inakuandikia ujumbe wa F1. Wewe unapoingia BIOS na kuita profaili, mashine imeshapata joto kidogo na mafunzo yanapita.

Kuristati hakuonyeshi kosa kwa sababu vitu ni vya moto, na bodi nyingi zinaruka mafunzo kamili na kutumia vipimo vilivyohifadhiwa. Kwa bodi zangu mbili nilizonazo, ukikata umeme ukutani zinarudia mafunzo upya. Ukizima kompyuta tu zinayaruka. Nadhani yako inafanya vivyo hivyo, na hiyo ndiyo sababu nilikuuliza swichi.

Kuhusu Prime95: small FFT zinakaa karibu zote ndani ya kashe ya prosesa (memori yake ndogo ya ndani), RAM haiguswi sana. Saa nne zako zimethibitisha prosesa na upoozaji. Hazijasema lolote kuhusu memori.

#7 Mdau wa nne

Mkuu wa #6 nimekusoma, na nakubali taa ya DRAM ni ushahidi. Lakini umeme mbovu pia unaweza kukwamisha mafunzo. Usiiache pawa saplai bila kuipima. Ana mita?

#8 Mdau wa tatu

Kweli kabisa, na njia ya kutenganisha ipo. Kama ana mita aweke waya mweusi kwenye nati ya kasha na mwekundu kwenye pini ya njano ya plagi ya diski, apime wakati wa kuwasha ikiwa baridi na wakati wa kazi nzito. Inatakiwa ibaki kati ya 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo, mjadala umekwisha. Ikibaki ndani, bado si uthibitisho kamili, kwa sababu mita ya kawaida haiwezi kuona mtikisiko wa haraka. Lakini itatuondolea mashaka makubwa.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni hiki, na hakihitaji kifaa. Kinahitaji asubuhi tano au sita na daftari.

Asubuhi mbili: prosesa ibaki 4.4, XMP izimwe. Asubuhi mbili: prosesa kiwandani, XMP iwashwe. Kila usiku zima ukutani kama kawaida yako. Kosa likiifuata XMP, ni memori. Likiifuata prosesa, nitakuwa nimekosea. Likitokea pande zote mbili, mkuu wa #7 ana haki na twende kwenye umeme.

Kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili asubuhi moja, hiyo asubuhi imepotea.

#9 Mdau wa tano

Samahani kuingilia, nisaidieni na mimi kabla sijaformati. Yangu ilikuwa inagoma baada ya kupandisha kasi, nikasoma kwamba nitoe betri ya CMOS (ile ndogo ya kwenye bodi inayotunza mipangilio ya BIOS). Nimetoa, nimerudisha. Sasa inawaka mpaka BIOS vizuri lakini Windows haifunguki, inaleta skrini ya bluu: INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Inamaanisha kasi imeua diski?

#10 Mdau wa tatu

Usiformati, mkuu! Shika hapohapo.

Kutoa betri kumefuta mipangilio yote, si ya kasi peke yake. Ingia BIOS utafute namna diski zinavyosomwa: AHCI, RAID, au VMD kwa baadhi ya bodi za Intel. Kama Windows yako iliwekwa kwenye mojawapo na sasa BIOS imerudi kwenye nyingine, Windows inaamka ikiwa na draiva isiyolingana na mlango, haiioni diski, inaleta hiyo bluu. Rudisha ilivyokuwa. Data yako iko palepale.

Wengine wakirudisha BIOS kiwandani wanaombwa namba ndefu ya BitLocker (kufuli la Windows la diski). Hilo nalo si uharibifu. Mfumo umeona mipangilio ya usalama imebadilika na unataka uthibitisho. Kwa hiyo yeyote anayesoma uzi huu na anataka kufuta CMOS: kwanza piga picha kila ukurasa wa BIOS kwa simu, na hakikisha namba ya BitLocker unayo mahali pengine nje ya hiyo kompyuta. Nimeona watu wakipoteza picha za familia kwa kukimbilia kuformati mashine ambayo haikuwa na ugonjwa.

#11 Mdau wa tano

Ilikuwa RAID, imerudi AHCI. Nimebadilisha, imefunguka, kila kitu kipo. Mkono ulikuwa tayari kwenye flashi ya kuformati. Mungu akubariki sana.

#12 Mwanzisha uzi

Nimerudi na daftari.

Volti kwanza: ikiwa baridi wakati wa kuwasha 12.08, ikirenda 11.97. Haikutikisika.

Asubuhi ya 1 na ya 2, prosesa 4.4, XMP imezimwa: imewaka mara moja, zote mbili.

Asubuhi ya 3, prosesa kiwandani, XMP imewashwa: imegoma mara tatu, ujumbe wa F1.

Asubuhi ya 4, hivyohivyo: imegoma mara mbili, ya tatu imewaka yenyewe na XMP ikiwemo.

Asubuhi ya 5 nilijiongezea kipimo changu. XMP imewashwa ila sikuzima ukutani usiku. Imewaka mara moja! Kwa hiyo ulichosema kuhusu kukata umeme ni kweli kwenye bodi yangu pia.

Sasa nishawishike tu nisizime ukutani, yaishe?

#13 Mdau wa tatu

Hapana, na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko pote. Ukiacha swichi ya ukutani ikiwaka usiku utakuwa umeficha dalili. Nafasi ya kusomeka bado ni finyu, na memori ambayo mafunzo yake yanapita kwa bahati inaweza kuwa inakosea biti moja moja mchana, kimya kimya. Kila unachohifadhi kinapita kwenye RAM kwanza. Biti ikigeuka humo, faili linaandikwa kwenye diski likiwa limeharibika na hakuna atakayekuambia. Unarenda video za watu. Siku moja mteja anafungua faili na fremu ina mabaka.

Weka MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, iwashe kompyuta kutoka hapo, XMP ikiwa imewashwa, uiache ipite mizunguko yote minne. Kosa moja tu linatosha kuikataa. Memori haina kosa dogo.

#14 Mwanzisha uzi

Mizunguko miwili ilipita safi, nikaanza kufurahi. Mzunguko wa tatu makosa 6. Wa nne makosa 11.

Nimeishiwa nguvu. Nimekuwa nikifanya kazi za watu kwenye hii mashine mwezi mzima.

#15 Mdau wa tatu

Usikate tamaa, sasa tunajua adui ni nani. Zima XMP leo na ufanye kazi zako kwa 2133 mpaka tumalize. Kasi ya prosesa 4.4 iache, imeshajitetea.

Chanzo ninachokishuku ni vile vipande viwili ulivyoongeza. Si kwamba ni vibovu. Kidhibiti cha memori kiko ndani ya prosesa, na kila chaneli (njia ya kwenda kwenye RAM) ikibeba vipande viwili badala ya kimoja mzigo wa umeme kwenye nyaya unaongezeka na mawimbi yanachafuka. Watengenezaji wenyewe wanaandika hivyo. Kwa Ryzen 7000 za DDR5, AMD inataja 5200 ukiwa na vipande viwili, na ukiweka vinne inashuka mpaka 3600. Huo ni mteremko mkubwa, na ni prosesa ileile.

Hakikisha kwanza. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha. Toa vipande viwili vipya. Viwili vya zamani viwe kwenye sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ndivyo bodi nyingi zenye sloti nne zinavyotaka. Sikiliza mlio wa kubana pande zote. Kipande kilichokaa nusu kinaleta dalili zote tulizojadili hapa. Kisha XMP 3600 na MemTest86.

Ikipita, rudisha vyote vinne na twende na hatua hizi, moja moja:

Anza na kasi. Weka 3200 kwa mkono, biti inapata pikosekunde 312 badala ya 278. Kwa kurenda hutaona tofauti ya maana. Ikitulia hapo, jaribu 3400.

Volti ya RAM iwe 1.35 na uiandike kwa mkono badala ya kuiacha Auto. Kwenye baadhi ya bodi kuna volti nyingine ya RAM inayotumika wakati wa kuwaka tu, imeandikwa DRAM VBoot au jina linalokaribiana. Ikibaki 1.2 wakati mafunzo yanafanyika, unaiomba RAM ifanye mtihani wa 3400 kwa chakula cha 2133. Nimewahi kutibu mashine kwa mstari huo mmoja.

Volti ya kidhibiti cha memori, inayoitwa SoC kwa AMD, Auto mara nyingi inaipandisha yenyewe kupita kiasi. Iangalie. Kwa wenye AM5 (soketi ya AMD ya Ryzen 7000) mnaosoma hapa, msivuke 1.3. Mwaka 2023 kuna prosesa ziliungua na AMD ikaweka ukomo huo kwenye BIOS mpya. Kama BIOS yako ni ya kabla ya hapo, isasishe leo.

#16 Mdau wa sita

Na mimi naomba niulize. DDR5, mashine mpya, nimewasha EXPO (XMP ya upande wa AMD), nimesevu, skrini nyeusi dakika mbili nzima nikazima kwa kubana kitufe. Nimefanya hivyo mara nne. Imekufa?

#17 Mdau wa tatu

Ulikuwa unaikatiza ikiwa darasani, mkuu. DDR5 kwenye AM5 mafunzo ya kwanza yanaweza kuchukua dakika kadhaa, hasa RAM ikiwa nyingi. Washa, weka simu chini, iache dakika kumi na tano bila kuigusa. Ikishawaka, washa Memory Context Restore isirudie mafunzo kila siku. Ila ukianza kuona skrini za bluu baada ya hapo, izime na ukubali kusubiri.

#18 Mdau wa sita

Dakika ya sita picha imekuja. Asante.

#19 Mdau wa nne

Nami nilete yangu, maana nilisema dalili zinafanana na kumbe hazifanani. Yangu taa zote nne zinapita, nembo ya Windows inakuja, naandika nenosiri, hapo inaganda au inaristati. Nikibahatika kuingia, michezo mizito inacheza masaa. Prosesa nimeipunguzia volti kwa offset hasi (kiasi kinachokatwa kwenye volti yake) ili ipoe.

#20 Mdau wa tatu

Hiyo ni hadithi nyingine. Ukishaingia salama fungua Event Viewer (kumbukumbu za matukio za Windows), tafuta WHEA-Logger (ripoti za makosa ya vifaa) namba 18 au 19. Nadhani utaikuta. Offset hasi inapunguza volti kila mahali, hata pale prosesa inapopumzika, ambapo ilikuwa na kidogo tayari. Wakati wa kuingia Windows core zinaruka kutoka kupumzika kwenda kasi ya juu na kurudi, mara nyingi kwa sekunde. Mzigo mzito wa mchezo una volti ya kutosha, mzigo mwepesi ndio unaoanguka. Isogeze offset kuelekea sifuri kwa hatua ndogo mpaka makosa yaishe.

Na kama ni Intel ya kizazi cha 13 au 14 mwambie fundi yeyote akuhakikishie BIOS ina microcode (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x12B au mpya zaidi, maana zile zilikuwa na tatizo la volti kupanda mno na chipu iliyokwisha kuumia haiponi kwa kubadilisha mipangilio.

#21 Mdau wa nne

WHEA namba 18, imetokea mara kumi na tisa kwa wiki. Nimetoka -0.100 mpaka -0.050, siku ya tatu leo hakuna hata moja. Na naifuta kauli yangu ya pawa saplai kwenye mashine ya mwanzisha uzi. 12.08 imenijibu.

#22 Mwanzisha uzi

Wakuu, naandika haya saa moja asubuhi, kikombe bado cha moto.

Vipande viwili vya zamani peke yao kwa 3600: MemTest86 mizunguko minne, sifuri. Viwili vipya peke yao: sifuri. Vinne pamoja kwa 3600: makosa. Kwa hiyo hakuna kibovu hata kimoja, ni vinne kwa pamoja tu ndivyo visivyoweza.

Vinne kwa 3400: vilipita MemTest86 lakini asubuhi ya pili bodi ilijizima mara moja kabla ya kuwaka. Nikakumbuka ule mstari wa VBoot. Kwenye bodi yangu umejificha kurasa mbili ndani, na ulikuwa umeandikwa 1.200. Nimeweka 1.35. Tangu hapo asubuhi tisa, swichi ya ukutani nazima kila usiku kwa makusudi, na taa ya DRAM inawaka kama sekunde nne, inazima, VGA, BOOT, picha. Prosesa iko 4.4 kwa 1.30 kama nilivyoitaka mwanzo. Prime95 nayo nimeirudia, safari hii Blend usiku kucha, maana hiyo ndiyo inayogusa RAM.

Nilifanya pia sfc /scannow (amri ya Windows ya kukagua mafaili yake) kama tahadhari. Ilikuta mafaili ya Windows yaliyoharibika, ikayatengeneza. Nikafungua kazi zote nilizorenda mwezi ule, moja baada ya nyingine, mpaka mwisho. Video mbili zina mstari wa kijani unaopita chini ya fremu kwa sekunde moja, ambao kwenye picha za kamera haupo. Nimeshawaandikia wenyewe na nimeanza kuzirenda upya. Ya kwanza iko asilimia 64 sasa hivi.